Elden Ring: Vagabond leveli 95, Fire Giant ananitwanga kama kisamvu. Niende Strength, Int au damu?

Mwana_Kigamboni

Wakuu habari za jioni. Nisaidieni kabla sijaiuza hii PS4.

Nilianza na Vagabond, aina ya mhusika wa kuanzia. Limgrave, eneo la mwanzo, nilikuwa mbabe, bosi Margit alikaa mara ya nne tu. Nimefika Mountaintops of the Giants mambo yamegeuka. Mbwa mwitu wananing'ata mara mbili nimeshalala. Bosi wa huko, Fire Giant, nina siku ya tano naye. Juzi nilimfikisha karibu na nusu, umeme ukakatika. Sijamfikisha tena.

Pointi zangu bila hirizi ni hizi: Vigor (uhai) 24, Mind (FP, nguvu za skili na uchawi) 20, Endurance (pumzi na mzigo) 22, Strength (nguvu) 28, Dexterity (wepesi) 24, Intelligence (Int, uchawi) 26, Faith (imani) 18, Arcane (husaidia damu) 12. Silaha ni panga kubwa Claymore +14 (hatua za kuiimarisha), na katana Moonveil +4 ambayo huwa naitoa nikichoka. Hirizi ni Radagon's Soreseal, Radagon Icon na Gold Scarab. Mzigo unasoma asilimia 69.4. Namwita Mimic Tear, pacha wangu wa kunisaidia kupigana.

Nina Larval Tear moja, kwa hiyo nataka nirudi kwa Rennala nigawe pointi upya. Tatizo kila ninayemuuliza anavutia kwake. Mmoja anasema Strength mikono miwili, mwingine Int na Moonveil, mwingine damu (kumvujisha adui damu) na katana Uchigatana. Nipeni ulinganisho wa maana.

Fundi_Hewg

Gold Scarab kwenye bosi? Unamkusanyia nani hizo runi (pesa ya gemu) mkuu 😂

Mwana_Kigamboni

Nilisahau kuivua tangu Leyndell. Nicheke na mimi.

Bi_Claymore

Mdogo wangu, kabla ya kuchagua njia tuangalie ulipoangukia. Wewe umegawa pilau kwa mtaa mzima, kila mtu kapata kijiko na hakuna aliyeshiba. Faith 18 inakufanyia nini? Arcane 12 umeiongeza kwa sababu gani? Vagabond anaanza na Faith 9 na Arcane 7, yaani hapo tu pointi 14 umezifukia mchangani. Ukichanganya na Int yako ya 26, ambayo inaisubiri Moonveil unayoitoa ukichoka, ni pointi 31 ambazo Claymore haizioni kabisa.

Wapo watakaokwambia usigawe upya, panda tu leveli uongeze Vigor. Fanya hesabu. Kutoka 95 kwenda 96 ni karibu runi 55,000, na kila leveli inazidi iliyopita. Kuitoa Vigor 24 mpaka 40 kwa njia hiyo utakula zaidi ya runi milioni moja. Larval Tear unayo mfukoni. Itumie.

Strength yako ingekaa hivi, leveli ile ile 95: Vigor 45, Mind 12, Endurance 25, Strength 54, Dexterity 13, na zilizobaki unaziacha kama ulivyozaliwa nazo (Int 9, Faith 9, Arcane 7). Kwa nini 54? Ukishika silaha kwa mikono miwili, gemu inahesabu Strength yako mara moja na nusu. 54 inakuwa 81, na ukivuka 80 faida inapungua sana, kwa hiyo umefika pazuri kwa bei nafuu. Dexterity 13 ndiyo Claymore inayoidai, isizidi hata moja.

Claymore uibadilishe iwe Heavy, ile aina inayotegemea Strength. Kinoo cha chuma, Iron Whetblade, kiko Stormveil Castle, sidhani kama ulikikosa. Ukiwa na skili ya Lion's Claw umemaliza kazi. Yule simba wa Fort Gael kule Caelid ndiye anayeidondosha.

Kamau_wa_Moonveil

Dada nakuheshimu lakini msee ana Moonveil mkononi na mnamrudisha kwa panga la kawaida? Moonveil inataka Strength 12, Dex 18, Int 23. Hiyo yote tayari anayo.

Njia ya Int, leveli 95: Vigor 40, Mind 20, Endurance 16, Strength 14 (haishuki chini ya hapo kwa Vagabond), Dex 18, Int 50. Ukishika ile skili unatupa wimbi la mwanga kutoka mbali, hujamkaribia jamaa. Fire Giant akianza kubiringika chini wewe uko kando unamwangalia. Claymore lazima uende ukasimame chini ya kisigino chake.

Bi_Claymore

Kamau, Moonveil yake ni +4.

Kamau_wa_Moonveil

Anaongeza tu. Inakula jiwe moja la kuimarishia, Somber, kwa kila hatua, si kama Claymore inayokula mawe mawili, manne, sita.

Bi_Claymore

Jiwe moja, ndiyo, lakini anazo? Somber inaishia +10 na silaha za kawaida +25, kwa hiyo zidisha kwa mbili na nusu. +4 yake ni sawa na +10 ya kawaida. Claymore yake sasa hivi ni +14. Unamwambia aache silaha iliyo mbele arudi kwenye iliyo nyuma, halafu akapigane na bosi mwenye uhai mrefu kama foleni ya Mbagala.

Kamau_wa_Moonveil

Sawa, hapo umenibana. Lakini Bell Bearing (ile unayompelekea muuzaji aanze kuuza mawe) ya Somber ya tatu iko First Church of Marika, hapo hapo milimani alipo. Inauza Somber 5 na 6, kwa hiyo +6 ni safari ya farasi ya dakika chache. Sisemi ni bora kwa Fire Giant. Nasema ni bora kwa mtu ambaye shida yake ni kukaribia adui. Na tuongee ukweli, Mwana, wewe unakufa kwa sababu unapigwa au kwa sababu humuumizi?

Mwana_Kigamboni

Swali zuri. Vyote, lakini nikiangalia vizuri napigwa kwanza. Pigo moja la lile koleo lake na nusu ya pili sina. Na pedi yangu kijiti cha kushoto kinavuta chenyewe kidogo, nikitaka kubiringika kulia wakati mwingine anaenda mbele. Kwa hiyo kukaa mbali kunanivutia, lakini kumlenga kwa pedi hii sijui.

Chotara_wa_Nokron

Mimi ndiye wa damu, na naona mmenisahau.

Damu haijali bosi ana uhai kiasi gani. Ukijaza ile mita, inakata sehemu ya asilimia ya uhai wake wote. Kwa jitu kama Fire Giant, ambaye panga linamkwangua tu, hilo ndilo unalolitaka. Pointi zako: Vigor 45, Mind 12, Endurance 20, Strength 14, Dex 22, Arcane 43. Uchigatana iko Deathtouched Catacombs, Limgrave. Inadai Strength 11 na Dex 15 tu.

Kasoro niiseme mwenyewe kabla Bi_Claymore hajaisema: kuna wasiotoka damu. Wale Crystalian, ile sura ya dhahabu ya Godfrey, na mwishoni kabisa Elden Beast. Ukifika huko mita haijai hata ukeshe.

Fundi_Hewg

Kasoro kubwa zaidi hujaisema. Uchigatana yake itaanza +0. Kila daraja la mawe linakula 2 + 4 + 6, yaani 12 kwa hatua tatu. Kuifikisha +18 ni mawe 72. Claymore kutoka +14 kwenda +18 ni mawe 18: sita ya daraja la 5 na kumi na mbili ya daraja la 6. Na Bell Bearing inayouza madaraja hayo mawili, ya tatu ile, iko kwenye sanduku Zamor Ruins. Mwana, Zamor Ruins umeipita kwa farasi siku ya kwanza uliyopanda mlimani. Rudi, ichukue, wapelekee wauzaji Twin Maiden Husks pale Roundtable Hold, nunua. Hilo lifanye leo usiku kabla hata hujaamua njia.

Chotara_wa_Nokron

Hesabu ya mawe nakubali. Ila nani kasema lazima Uchigatana? Black Whetblade inageuza Claymore hiyo hiyo kuwa Blood, na +14 yake inabaki. Kinoo hicho kiko Night's Sacred Ground, na kama ana Mimic Tear basi huko alishafika. Kaangalie begi lako Mwana, huenda unatembea nacho.

Mwana_Kigamboni

Nimeangalia. Sina 😭 Nilichukua Mimic nikakimbia.

Mzee_wa_Namba

Nimesoma uzi wote, nasubiri mtu aguse Soreseal na hakuna. Kila mahali vijana wanaambiwa "ivue hiyo inakuua" bila hesabu.

Inakupa +5 kwenye Vigor, Endurance, Strength na Dexterity, na kila pigo linaongezeka asilimia 15. Vigor 24 ni HP (uhai) karibu 770. Ukiivaa unakuwa 29, kama 950. Gawanya kwa 1.15 kupata uzito wake halisi: takriban 828. Kwa hiyo kwa Vigor yako ya sasa hirizi INAKUSAIDIA. Haikuui, ni kinyume chake.

Sasa hesabu na Vigor 40. Bila hirizi ni 1,450. Ukiivaa unakuwa 45, karibu 1,580, gawanya kwa 1.15 unabaki kama 1,375. Hapo umelipia hasara. Kwa hiyo ukigawa upya kwa njia yoyote ya hawa watatu, wote wamekupeleka 40 au 45, ndiyo siku ya kuivua. Weka Dragoncrest Shield Talisman ya aina yoyote uliyonayo, hata ile ndogo inapunguza pigo la kawaida kwa asilimia 10.

Lakini angalia mzigo. Unasoma 69.4 ukiwa na Endurance 27 ya hirizi. Kwa Bi_Claymore utakuwa na 25. Utavuka 70 na utaanza kubiringika kama gunia la mkaa. Vua kofia ya chuma au badilisha glavu kabla hujaingia.

Halafu jambo la Mimic. Huyu hakuli FP, anakula HP 660 ukimwita. Una 950, unabaki na 290 na Fire Giant anakuangalia. Je, huwa unakunywa chupa kwanza?

Mwana_Kigamboni

Mzee... siku tano zote nilidhani ni bosi amenipiga nikiwa ndiyo kwanza nimevuka ukungu wa mlangoni. Kumbe ni mimi mwenyewe.

Bi_Claymore

😂😂 Mzee shikamoo.

Mzee_wa_Namba

Marahaba. Na kwa nini hirizi tatu? Ukishafika Mountaintops unastahili nne. Nenda kaongee na Enia pale Roundtable Hold, ukiwa na Great Rune mbili (za mabosi wakubwa) anakupa nafasi. Huwezi kuwa umevuka Leyndell bila hizo mbili.

Kamau_wa_Moonveil

Nashuka bei. Kwa Fire Giant, Strength. Moonveil tutaongea ukifika NG+, ukianza gemu upya.

Mwana_Kigamboni *(siku mbili baadaye)*

Wakuu nimerudi.

Nilianza na mawe kama alivyosema Fundi, sikugusa pointi. Sanduku la Zamor lilikuwepo, nimelipita mara kumi na kitu. Claymore +18. Askari wa pale njiani waliokuwa wanakula mapigo sita wanaondoka kwa matano. Si muujiza ila unauona.

Kisha Rennala. Nimechukua zile namba za Bi_Claymore, moja kwa moja. Kinoo cha damu ningeweza kukirudia lakini sikutaka kujifunza kitu kipya wakati jitu linanisubiri. Heavy, Lion's Claw. Soreseal nimevua, Dragoncrest ndani, Enia kanipa nafasi ya nne kama vile alikuwa ananingoja. Mzigo ulisoma 72 na kidogo, nikavua kofia, ukashuka 68. Natembea kichwa wazi kwenye theluji.

Ile tofauti ya kwanza niliiona kwenye lile koleo. Lilinikuta, nikaanguka, nikaangalia juu na mstari mwekundu bado upo zaidi ya nusu. Nilisimama nikashangaa kidogo, akanipiga tena kwa sababu nilikuwa nashangaa.

Mara ya tatu nilianza na mguu wa kushoto, ule uliofungwa mbao. Lion's Claw kwenye kifundo, narudi nyuma, tena. Mimic nilimwita mbali kabla hajafika, nikanywa chupa, ndipo nikaingia. Sehemu ya pili akishang'oa mguu nilimpigia mikono badala ya kumkimbiza. Alidondoka nikiwa na chupa moja ya mwisho. Mama aliamka chumba cha pili kuuliza kuna nini.

Sasa niko Crumbling Farum Azula na kuna mabosi wawili kwenye ukumbi mmoja, mnene na mwembamba, nikimuua mmoja anafufuka. Hii Strength yangu inawafaa au nimeharibu tena?

Chotara_wa_Nokron

Godskin Duo. Strength yako haina neno. Hao wana udhaifu wa usingizi, tengeneza Sleep Pot kwa ua la Trina, mrushie mmoja alale umshughulikie mwenzake kwanza. Na safari hii usipite Nokron ukikimbia, kinoo kile bado kinakusubiri.