Tupeane uzoefu: Linux inawaka, lakini desktopu haifunguki

Mdau wa Tabata: Kompyuta ya jirani yangu yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, imegoma kufungua desktopu tangu umeme ulipokatika jana, imebaki skrini nyeusi na kistari kinachopepesa kwenye kona. Naomba mliokutana na hali hii mweleze mlivyojinasua.

Mdau wa Posta: Umenikumbusha mbali. Katika ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi, umeme ulikatika mashine ya mhasibu ikiwa katikati ya kusasishwa, siku ambayo orodha ya mishahara ilitakiwa kufika benki kabla ya saa tisa alasiri. Uliporudi, skrini ilikuwa nyeusi tupu, na bosi, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, akaamuru aitwe fundi apige Windows. Nilimwomba subira, nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ikatokea skrini ya maandishi inayoomba jina na nenosiri. Ilipokubali, nilijua mfumo ni mzima na kilichoanguka ni upande wa picha tu. Niliandika `sudo dpkg --configure -a`, vifurushi vya programu vilivyoachwa nusu vikakamilishwa kimoja kimoja huku mhasibu akitazama saa ya ukutani, na tulipoiwasha upya desktopu ilifunguka, faili la mishahara likiwa salama.

Mdau wa Mbagala: Hata mimi amri hiyo iliniokoa.

Mdau wa Sinza: Mnajichosha bure. Hamisha mafaili kwenye flashi, pandisha mfumo upya.

Mdau wa Posta: Ndugu yangu, unamwambia mtu ateketeze bando la gigabaiti kadhaa kwa tatizo la amri moja!

Mdau wa Sinza: Mwenye biashara hana muda wa kukesha na amri. Msimamo wangu ni huo.

Mdau wa Kigamboni: Kabla ya yote andika `df -h` uone nafasi iliyobaki, kwa sababu diski ikijaa unaweza kuweka nenosiri sahihi na bado ukarudishwa kwenye skrini ya kuingilia. Hali hiyo hutokea pia faili la `.Xauthority`, lenye ruhusa yako ya kufungua desktopu, likishikwa na root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo. Kwa wenye kadi za picha za NVIDIA, draiva (programu inayoendesha kadi) ikigoma baada ya keneli, yaani kiini cha mfumo, kubadilika, ongezeni `nomodeset` kwenye GRUB, ile menyu ya kuwashia mfumo, ili muingie kwa muda, kisha mrekebishe draiva yenyewe.

Mdau wa Tabata: Ahsanteni. Amri ya dpkg ilikataa kwa kukosa nafasi, na kweli diski ilikuwa imejaa kabisa. Nimeanza na `sudo apt clean` kufuta vifurushi vilivyopakuliwa, nikairudia ile ya dpkg, na sasa skrini ya kuingilia imetokea.