Mjadala: Baipasi bila kusimamisha moyo, je, mgonjwa anapona vizuri zaidi?

Mleta mada

Wakuu, familia zenye mgonjwa wa moyo zinaambiwa: "Mpelekeni India, kule wanapasua moyo ukiwa unadunda, atapona upesi." Watu wanauza viwanja kwa kauli hiyo. Mimi naipinga.

Baipasi ni kuunganisha mshipa mwingine ili damu ipite pembeni ya mshipa wa moyo ulioziba. Kwa njia ya kawaida moyo husimamishwa, mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu. Kwa njia ya pili unaachwa udunde. Daktari hutuliza kipande kidogo tu cha msuli kwa kifaa maalumu, kisha anashona mshipa wenye upana wa milimita 2 hivi, kwa uzi mwembamba kama unywele, huku pembeni kote kunacheza. Mshono ukikaa vibaya, mgonjwa anaweza kuruhusiwa akiwa na furaha kabisa, kifua kikaanza kubana miezi baadaye.

Utafiti wa ROOBY ulifanyika kwa wagonjwa 2,203 katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Baada ya miaka 5 walikuwa wamefariki asilimia 15.2 ya waliopasuliwa bila mashine, na asilimia 11.9 ya waliotumia mashine. Huko ndiko kupona upesi?

Mchangiaji

Mkuu, ROOBY unaiegemea mno. Daktari alikubaliwa akiwa na uzoefu wa upasuaji 20 tu wa aina hiyo, na zaidi ya asilimia 12 ya wagonjwa walioanza bila mashine walihamishiwa kwenye mashine katikati ya kazi. Utafiti mwingine wa kulinganisha njia hizi mbili, CORONARY, ulidai zaidi ya 100. Wagonjwa 4,752, nchi 19, na baada ya miaka 5 hakukuwa na tofauti ya maana katika vifo wala kiharusi. Tena kwa wasiotumia mashine, wachache zaidi waliongezewa damu, na wachache zaidi waliumia figo siku za mwanzo. Kwetu, ambako ndugu wanahangaika kutafuta wachangia damu, hilo ni jambo kubwa. Na yupo mgonjwa ambaye aota yake, ule mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, imejaa chokaa: ukiibana ili umuunganishe na mashine, vipande vinaweza kukimbilia kwenye ubongo. Huyo naye utamwambia nini?

Mleta mada

Huyo wa aota nakubali, apasuliwe moyo ukidunda. La damu pia nakubali. Lakini kuhusu figo, wagonjwa wa CORONARY walipopimwa baada ya mwaka mmoja, tofauti haikuonekana tena.

Na hizo 20 na 100 ulizotaja ndizo hoja yangu hasa. Tunabishana kuhusu mashine wakati jambo lenyewe ni mikono. Muulizeni daktari, awe wa Chennai kule India au wa JKCI, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili: wewe mwenyewe umefanya ngapi kwa njia hii? Wangapi uliwahamishia kwenye mashine? Ateri kubwa ya mbele ya moyo utaiunganisha na ateri ya kifuani au na mshipa wa mguuni? Ya kifuani mara nyingi bado iko wazi miaka 10 baadaye, wakati mishipa ya mguuni huziba mara nyingi zaidi.

Mchangiaji wa pili

Nani atamuuliza bingwa maswali hayo huku mgonjwa wake yuko kitandani anasubiri kupasuliwa?

Mleta mada

Ndiyo maana isiachwe kwa familia. Jimbo la New York linachapisha vifo vya baipasi kwa kila hospitali na kila daktari tangu miaka ya 1990. Wizara zetu zidai takwimu kama hizo kwa kila hospitali inayopokea wagonjwa wetu, ya hapa na ya nje.