Aqua: betri ndogo nimechomoa, dogo kapigwa shoti. Umeme umetoka wapi?

FundiMsamvu
Wakuu, habari za jioni. Mimi fundi hapa Morogoro, mwaka wa 11 nahangaika na Corolla na Hiace, haya mambo ya haibridi, magari ya petroli na mota ya umeme pamoja, ndiyo naanza kuyagusa. Jana mteja kaleta Toyota Aqua, haibridi, imewasha taa, mashine ya kupimia ikasoma P0A80, yaani betri kubwa ya haibridi ina tatizo. Nikaambiwa mara nyingi ni kutu kwenye vile vipande vya shaba vinavyounga moduli, yaani vibetri vinavyounda betri kubwa, nivisugue kwanza kabla ya kumwambia mtu anunue betri. Tukazima gari, tukachomoa ile ya 12V, tukang'oa kiti cha nyuma, tukafungua mfuniko wa betri kubwa. Dogo ninayemfundisha alikuwa kaegemea bodi muda wote huku akigusagusa nati, kimya. Kisha akaweka kiganja cha kushoto kwenye nati ya mwisho huku, spana namba 8 ya kulia ikagusa ya mwisho kule. Alitoa sauti moja fupi. Spana tumeikuta chini ya gari la jirani.
12V haipo, swichi imezimwa. Umeme gani huo?

MitaMkononi
Pole kwa dogo. Yuko wapi sasa hivi? Umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule, umekatiza kifuani. Mpeleke hospitali abandikwe nyaya apimwe moyo, hata kama anacheka. Mengine yatasubiri.

Haya. Ile 12V kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga rilei kubwa, zile swichi zinazoruhusu umeme wa betri kubwa utoke. Ukiichomoa rilei zinaachia, nyaya za rangi ya chungwa zinazokwenda mbele hazipati tena umeme wa betri. Lakini nyinyi hamkuwa kwenye nyaya, mlikuwa ndani ya betri yenyewe! Aqua ina moduli 20, kila moja 7.2V, zimeungwa mfululizo: 144V. Hazina swichi. Na bodi ndiyo iliyomponza, maana umeme huu haujaungwa na bodi kama ule wa 12V. Ukishika nati moja na bodi unaona kimya, unajipa moyo. Ukishika nati mbili, ndiyo hayo.

Kile kishikio cha chungwa kwenye betri mliking'oa? Hicho ndicho kinachokata mfululizo. King'oe, kitie mfukoni mwako, asije mtu akakirudisha. Huko mbele kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, usiguse mpaka dakika 10 zipite, kapasita zinazohifadhi umeme ndani yake zinakuwa bado zimeshiba, na inveta ya Aqua inapandisha hadi 520V. Zikipita, pima kwa mita. Mimi saa siiamini.

Glavu ni za umeme, za 1000V, siyo za kuoshea vyombo. Kabla ya kuvaa zikunje kuanzia mdomoni, hewa ibaki vidoleni, sikiliza kama inavuja. Pete na saa vua. Na hata kishikio kikiwa mfukoni, moduli bado zina umeme wake, kwa hiyo usivue glavu.

KobeMzee
Mnatisha watu bure. Nimepigwa na koili za plagi za magari ya petroli mara mia, maelfu ya volti yale, na nipo.

MitaMkononi
Mzee wangu, koili inakupiga kofi moja imekwisha. Betri hii haichoki, inasukuma mpaka uachie, na misuli ikishakaza kuachia ni shida.

WinchiChalinze
La barabarani: msiivute haibridi hii kwa kamba, matairi ya mbele yakiwa chini. Mota ina sumaku za kudumu, tairi likizunguka inazalisha umeme hata gari likiwa limezimwa. Nyanyua mbele au pakia yote. Nimewakuta watu na Prius juzi, wamefunga kamba tayari, wakanijibu mbona kila gari linavutwa.

FundiMsamvu
Shukrani wakuu. Dogo kapimwa, wamesema moyo uko sawa, ana alama kama punje ya mchele kiganjani. Kile kishikio kweli hatukukigusa, nilidhani ni cha kubebea betri.
Mteja anapiga simu tangu asubuhi. Nimemwambia glavu zinakuja na basi la kesho.