Punda wangu amevimba mguu wa mbele: je, achomwe chuma cha moto?

Muuzamaji: Wanajamvi, nawasalimu kutoka Chamwino. Punda wangu wa mkokoteni amevimba nyuma ya mguu wa mbele, kati ya goti na kifundo, na ukipapasa unahisi joto. Je, kumchoma kwa chuma cha moto kutasaidia?

Mkongwa: Marehemu baba aliwachoma punda wake wote, nao walibeba mahindi hadi uzeeni. Vijana wa siku hizi hamna subira na mnyama.

Bwana Mifugo: Chini ya goti, punda, kama farasi, hana nyama ya misuli, mna kano ndefu zinazopita nyuma ya mfupa, pamoja na ligamenti, yaani ukanda mgumu wa nyuzi, inayokishikilia kifundo kisishuke. Nyuzi za kano zikichanika, pengo huzibwa na kovu lisilonyumbuka kama nyuzi za awali, na farasi huhitaji takribani miezi 9 hadi 12 kabla ya kurudi kazini. Chuma cha moto kitaongeza kidonda cha ngozi tu. Siku za mwanzo mkande kwa maji baridi, mfunge bandeji, apumzike. Je, bado anafanya kazi?

Muuzamaji: Anafanya kazi ndogo tu.

Bwana Mifugo: Ndogo kiasi gani, ndugu?

Muuzamaji: Anavuta madumu ya maji asubuhi na jioni. Kwanza namchoma sindano ya maumivu, na baada ya hapo hachechemei kabisa. Msinilaumu, kwa kuwa ada za watoto zinatoka kwenye mkokoteni huo, na mchomaji nimeshamlipa nusu.

Kichekesho: Mkuu, jichome wewe hiyo sindano, kisha uvute mkokoteni.

Mpekuzi: Wakuu, uzi huu ni wa kutunga. Muuza maji gani anaeleza uvimbe kama kitabu cha chuo? Huyu ni mwanafunzi anayetafutiwa majibu.

Muuzamaji: Maneno hayo nimepewa na muuza dawa za mifugo. Mwanafunzi gani anaamka alfajiri kupanga foleni ya maji?

Mpekuzi: Basi weka picha.

Bwana Mifugo: Picha isubiri. Sindano inaficha maumivu yaliyokuwa yakimzuia asiuelemee mguu, hivyo nyuzi zilizosalia zinaendelea kukatika. Akisimama, kifundo kimeshuka kuliko cha mguu mwingine?

Muuzamaji: Kimeshuka kidogo, tangu nilipoanza sindano.

Bwana Mifugo: Mfungue kwenye mkokoteni leo, umwite daktari wa mifugo wa wilaya, na huyo mchomaji mwache abaki na nusu yake.

Mkongwa: Baba hakuwahi kumwita daktari.