Kikundi cha familia: wiki ya Salma na Idi

JUMATATU

Rehema: Shikamoo mama, shikamoo kaka. Za jioni wote. Jamani leo nimechoka mpaka vidole, hii ni wiki ya tatu watoto wanasomea nyumbani na bado sijapata mwendo

Bibi: Marahaba mwanangu. Wajukuu wangu hawajambo? Shida nini

Rehema: Hawajambo mama. Shida wote wananitaka dakika ileile, nikikaa na Idi kwenye silabi Salma anaita mama nimekwama, nikienda kwa Salma nikigeuka Idi keshaacha daftari yuko chini ya meza

Wifi Asha: Pole wifi 🥺 si ulipanga ratiba lakini

Rehema: Niliipanga wifi, saa mbili mpaka saa nane kama shule kabisa, kipindi dakika 40. Idi ana miaka 6, dakika ya 15 tu keshaanza kujinyonganyonga kwenye kiti

Kaka Musa: Marahaba mdogo wangu. Hiyo ratiba ni ya darasa lililojaa na mwalimu mmoja, muda mwingi pale unaenda kwenye kusubiriana na kutulizana. Wewe unao wawili, huhitaji masaa sita

Bibi: Musa kasema kweli. Mimi darasa la kwanza nimelifundisha miaka mingi. Huyo mdogo mpe dakika kumi na tano, mwache akimbie, mrudishe. Na ukiwa na mmoja, mwingine mpe kazi anayoiweza tayari, afanye mwenyewe. Usimpe kazi mpya, kazi mpya ndiyo inayomfanya aite mama mama

Rehema: Mama hapo umenigusa, nilikuwa nampa Salma hesabu mpya halafu namgeukia Idi. Kesho nabadilisha

JUMANNE

Rehema: Ngoja niwasimulie ya leo. Nimeanza na Salma huku Idi anachora, nikampa 503 kutoa 278, akanipa 375. Nikashangaa maana wiki iliyopita alikuwa anapata zote, nikataka kumwekea kosa niendelee lakini nikasema hebu nieleze ulivyofanya, akaniambia mama 3 kutoa 8 haiwezekani kwa hiyo nimefanya 8 kutoa 3 nikapata 5, halafu 7 kutoa 0 ni 7, halafu 5 kutoa 2 ni 3. Yaani kila safu anachukua kubwa anatoa ndogo, haangalii ipi iko juu, na kwa akili yake kapanga vizuri kabisa

Baba Salma: Mbona kukopa nilimfundisha mimi mwenyewe na alielewa

Rehema: Kukopa anajua baba Salma. Ila hapa katikati kuna sifuri, anaenda kukopa kwa jirani na jirani naye hana kitu, hapo ndo akapotea akatafuta njia yake

Wifi Asha: Hata mimi sifuri ya katikati ilinitesa sana shuleni

Rehema: Basi nikaacha daftari nikakata karatasi, vipande vikubwa vitano ndo mamia, vyembamba ni makumi, vidogo vidogo ni mamoja. Nikamwambia toa 278 hapa mezani. Akakaa kimya muda mrefu na mimi nikajikaza nisiseme neno, afu akachukua mia moja akaniuliza naweza kuibadilisha? Nikampa makumi 10. Akachukua kumi moja akabadilisha tena akapata mamoja 10, jumla mamoja 13, makumi yamebaki 9, mamia 4. Akatoa akapata 225, akajumlisha na 278 mwenyewe bila kuambiwa kuona kama inarudi 503. Ilipotimia alipiga makofi 😭

Bibi: Alhamdulillah. Umefanya vizuri kumwuliza. Kosa la mtoto lina njia yake, ukiijua njia umeshamaliza nusu ya kazi

Kaka Musa: Mpe na 1000 kutoa 1 aone sifuri tatu zinavyobadilika kwa mpigo

Rehema: Nampa kesho kaka, asante

JUMATANO

Rehema: Leo haikwenda. Mitingi ya kazi ilinirukia saa nne kipindi cha Idi, nikamwachia kitabu asome mwenyewe, niliporudi analia kwamba yeye hajui kusoma na hatosoma tena. Nimejisikia vibaya sana

Wifi Asha: Pole sana wifi, mkumbatie tu leo

Bibi: Alikwama wapi hasa

Rehema: Ma, ba, ka anasoma vizuri. Akikutana na mwa, nya, ng'o anasimama. Na b na d anazichanganya kila siku, nimeshaanza kuogopa

Bibi: Usiogope, umri wake wengi wanazichanganya. Fikiria, kiti ukikigeuza kushoto au kulia kinabaki kiti, maisha yake yote vitu viko hivyo, leo anaambiwa herufi ukiigeuza inakuwa nyingine. Mchoreshe kwenye mchanga kwa kidole, b anaanza na mti kisha tumbo, d anaanza na tumbo kisha mti, kila siku mara chache tu. Na ng' mfundishe kwa sikio kwanza. Sema ngoma, sema ng'ombe, akwambie ipi inatokea puani tu na ipi ina g ndani yake. Sikio likishika ndo umwonyeshe kile kikoma cha juu

Rehema: Sikuwahi kufikiria kuanza na sikio

Baba Salma: Kesho nachukua mimi kipindi cha Idi kabla sijatoka, wewe shika kazi yako

ALHAMISI

Baba Salma: Mchanga umefanya kazi. Ng'ombe, ng'oa, ng'ara kasoma zote tatu. Nyani bado

Rehema: 🙏🙏 Na yale maharage tuliyoyaweka Jumapili kwenye glasi na pamba mbichi yametoa mizizi. Idi moja aliligeuza kwa makusudi, mzizi umetokeza ukiangalia juu halafu umepinda wenyewe kuelekea chini! Wamekaa pale wote wawili karibu nusu saa, Salma anapima kwa rula, Idi anachora, na mimi nikapata kumaliza ripoti yangu. Salma anauliza mzizi unajuaje chini ni wapi

Kaka Musa: Mwambie mjomba anasema unafuata uvutano wa dunia. Aweke glasi nyingine kabatini gizani, mzizi utashuka vilevile. Halafu hilo lililoota alilaze ubavu aone kesho

Rehema: Keshalilaza kaka, kabla sijamaliza kumsomea

IJUMAA

Wifi Asha: Wifi mmefikaje leo

Rehema: Tumemaliza saa tano na nusu wifi! Kutoa Salma kapata nane kati ya kumi, na zile mbili kaziona mwenyewe kwa kujumlisha. Idi kasoma ukurasa mzima. Ngojeni ameomba simu aandike, sijamsaidia

Rehema: didi njoo uone mmea wangu

Rehema: Huyo ni Idi mama, hapo mwanzo alitaka kuandika bibi. Nimeiacha kama ilivyo, asubuhi tunarudi mchangani

Bibi: Mwambie nimeisoma yote. Nakuja Jumapili, asiuhamishe mmea mpaka nifike