Mjadala: Mtoto akigongwa, aulizwe mzazi au iulizwe barabara?

Mwanzisha mada

Wakuu, kila mtoto akigongwa na gari swali la kwanza huwa lilelile: mama yake alikuwa wapi? Ni wachache wanaouliza kwa nini magari yanaruhusiwa kupita kwa kilomita 50 kwa saa mbele ya geti la shule. Kumlaumu mzazi hakugharimu kitu. Kujenga njia ya waenda kwa miguu kunahitaji bajeti.

Tupige hesabu. Dereva makini, simu mfukoni, anahitaji kama sekunde moja tangu amwone mtoto mpaka mguu ufike kwenye breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyo inakula mita 8 na kitu, na barabara ikiwa kavu gari litakuwa limesimama kwenye mita 13 hivi. Kwa kilomita 50, sekunde hiyohiyo inakula karibu mita 14. Kwa hiyo mtoto akichomoka mita 14 mbele, gari la kwanza limeshasimama. La pili linamfikia breki ikiwa ndiyo kwanza inaguswa. Dereva yuleyule, mtoto yuleyule, mzazi yuleyule. Kilichobadilika ni kikomo cha mwendo, na kikomo hupangwa ofisini.

Sasa mtazameni mtoto mwenyewe. Wa miaka sita akisimama kati ya magari mawili marefu yaliyoegeshwa haoni wala haonekani, mpaka atoe kichwa barabarani. Kukadiria kasi ya gari linalokuja bado hajaweza vizuri, hilo huja na umri. Darasani ataimba wimbo wa kuvuka barabara neno kwa neno. Mpira ukimponyoka, wimbo wote umesahaulika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kinachoua watu wengi wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali za barabarani. Hao wote mama zao walikuwa wazembe?

Msimamo wangu: usalama unaotegemea kwamba hakuna mtu atakayepepesa jicho si usalama. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza

Napinga mapema. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa siku hizi una magurudumu manne. Sera huchukua miaka kumi kupita. Mwanangu anavuka kesho asubuhi. Ukimwambia mzazi kosa ni la barabara, umempa ruhusa ya kulegeza mkono. Wapo wanaovuka na mtoto huku wanachati. Na hao tuwasubirishe matuta yajengwe?

Mchangiaji wa pili

Anayechati ni mzembe, sina ubishi. Ila anayekufa ni mtoto, ambaye hakuwa na simu.

Mchangiaji wa tatu

Tutoke barabarani kidogo. Miaka ya 1970 jiji la New York lilikuwa na tatizo la watoto kuanguka kutoka madirisha ya maghorofa. Mngeweza kusema wazazi wafunge madirisha, basi. Lakini kiangazi nyumba hizo ni tanuri, dirisha lisipofunguliwa mtoto halali. Idara ya afya ikawatembelea wazazi na kugawa vizuizi vya dirishani, kisha mwaka 1976 jiji likawalazimisha wenye nyumba kuvifunga popote anapoishi mtoto wa miaka 10 au chini. Vifo vikashuka sana. Sidhani kama wazazi wa mwaka 1980 walikuwa na macho makali kuliko wa 1970. Kilichoongezeka ni chuma dirishani. Tena angalieni mzigo ulipelekwa kwa nani: kwa anayemiliki dirisha, si kwa mpangaji.

Mchangiaji wa nne

Mimi naendesha gari kwa kazi, niwaambie msichopenda kusikia. Kibao hakisimamishi gari. Barabara pana, imenyooka, lami safi, mguu wenyewe unakanyaga. Halafu mnachomeka kibao cha 30 na kumficha askari nyuma ya mti akusanye faini. Hiyo si sera ya watoto, ni mradi wa mapato. Wales walipofanya maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, kuwa kikomo cha kawaida katika mitaa yenye makazi, Septemba 2023, watu zaidi ya 400,000 walisaini ombi la kupinga. Wote hao wanachukia watoto? Mkitaka nipunguze mwendo, ifinyeni barabara, inueni kivuko, na muondoe magari yaliyoegeshwa karibu na kivuko. Hapo nitapunguza hata nikiwa na hasira.

Mwanzisha mada

Dereva, umenisaidia kuliko unavyodhani, hicho ndicho ninachokiita mazingira. Uholanzi mwaka 1971 magari yaliua watoto zaidi ya 400. Wazazi wakaingia barabarani na kauli mbiu yao, "Stop de Kindermoord", komesheni mauaji ya watoto. Hawakwenda kuomba semina ya malezi. Mitaa ikafinywa, njia za baiskeli zikajengwa, kazi ya miongo kadhaa. Bunge la Uswidi nalo mwaka 1997 lilipitisha msimamo kwamba binadamu atakosea tu, kwa hiyo anayesanifu barabara ahakikishe kosa hilo haliui mtu. Mchangiaji wa kwanza, mkono wa mtoto endelea kuushika. Nachokataa ni mkono huo kuwa ulinzi pekee aliopewa.

Mchangiaji wa tano

Mimi ninachoogopa ni takwimu nzuri. Mwaka 1971 Uingereza, watoto 80 katika kila 100 wa miaka saba na minane walikuwa wakienda shule bila mtu mzima. Kufikia 1990 walibaki 9. Katika miaka hiyohiyo vifo vya watoto barabarani vilipungua, na ukisoma jedwali peke yake utapiga makofi. Barabara haikuwa imepoa, watoto ndio waliokuwa wameondolewa. Anayeshushwa kwenye gari mlangoni kila siku hajui njia ya kwao, hajui jirani, hajawahi kuamua chochote peke yake, na gari linalomlinda ndilo linalomtisha yule anayetembea. Ukitaka kujua kama sera imefaulu, usihesabu majeneza tu. Hesabu na wanaotembea.

Mchangiaji wa sita

Yapo ambayo mzazi hata awe na macho manne hayaoni. Madini ya risasi yalitiwa kwenye petroli ya magari tangu miaka ya 1920, na nchi ya mwisho kuacha kuiuza, Algeria, iliacha 2021. Risasi huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana kiwango cha kutia wasiwasi katika damu. Mama angefanyaje, amkataze asivute pumzi?

Na mkumbukeni Ella Adoo-Kissi-Debrah wa London, aliyefariki 2013 akiwa na miaka tisa kwa pumu. Mama yake alimkimbiza hospitali mara nyingi mno. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliandika kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na kwamba mama hakupewa taarifa kuhusu hewa hiyo. Umakini gani zaidi mnaoutaka?

Mchangiaji wa kwanza

Kwenye risasi na hewa sina neno. Barabarani bado. Mzazi akizembea ataitwa polisi, atasemwa na ukoo mzima. Aliyepitisha mchoro wa barabara ya njia nne mbele ya shule bila kivuko, anaitwa na nani? Mkimwachia huyo akaenda zake, mzigo utarudi kwa mzazi tu, mpende msipende.

Mwanzisha mada

Swali zuri, na mimi sitaki kumfunga mtu. Nataka ajali ya mtoto ichunguzwe kama ya ndege: tume huru, ripoti ya wazi, iseme nani aliweka kikomo, nani alikataa bajeti ya kivuko, na marekebisho yafanywe lini. Tarehe ikipita, ofisi iliyohusika ije ijieleze mbele ya wazazi wa shule hiyo. Dereva na mchangiaji wa tano, mngeongeza nini kwenye ripoti hiyo?