Raki za stoo Fort Portal: kwani kanuni ni bufee, unajipakulia unachotaka?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Tumefungiwa raki mpya za paleti kwenye stoo yetu hapa Fort Portal. Karatasi ya muuzaji inasema EN 15512, kanuni ya Ulaya. Sawa. Nikashusha timazi kwenye nguzo ya mita 6, ikiwa bado tupu: juu imeinama milimita 23! Ulaya, kwa stoo ya foklifti za kawaida, urefu unagawanywa kwa 350, kwa hiyo mwisho ni milimita 17. Nikampigia simu. "Kwa Wamarekani hiyo imepita." Ni kweli, kanuni yao, MH16.1, inaruhusu nusu inchi kwa kila futi 10, yaani kama milimita 25 kwa nguzo ya mita 6. Sasa karatasi mbona haikutaja Marekani?

Tukapakia sabuni na mafuta ya kupikia. Boriti ya mita 2.7 ikabonyea milimita 14. Ulaya wanagawanya kwa 200, unapata 13.5. Mmeshajua alichojibu: Marekani ni 180, inakuja 15, "mko salama bosi". (Na kila bati la chini ya nguzo lina matundu mawili, bolti moja. Hilo nalo ni la nchi gani?)

Haya, tuwe Wamarekani basi! MH16.1 ina hesabu ya tetemeko humo humo ndani. Nikamwambia nionyeshe hesabu yako. Ghafla jamaa karudi Ulaya: eti EN 15512 haihusu tetemeko. Ndiyo haihusu, kwa sababu wenyewe wameliwekea kanuni yake, EN 16681 ya 2016, ambayo huyu hata hajaigusa! Na hapa tuko chini ya Rwenzori. Wazee waliokuwepo 1966 na 1994 wapo, waulizeni ardhi ilifanya nini. Uganda yenyewe ina kanuni yake ya tetemeko, US 319 (US ni Uganda Standard, si Marekani), tangu 2003, lakini nilipoitaja kwenye simu aliniuliza ni fomu ya nini.

Nimemwomba bosi asilipe salio mpaka huyu mtu achague kanuni moja na aifuate yote, machungu na matamu. Bosi anasema namchelewesha, anataka ghorofa ya tatu ya raki ijazwe Jumatatu, na vijana wangu ndio wanaopita chini yake.

Kuna injinia humu aliyewahi kupiga hesabu za raki kwa tetemeko upande huu wa magharibi? Naomba aje tuongee kabla ya Jumatatu.